Mbaraka Mwinshehe: Jogoo la shamba lililowika hadi Osaka

Leo naomba tuziache siasa pembeni kidogo, maana kuna ubishi umenikaa kichwani wiki nzima na nisipouandika sitalala.

Juzi kijiweni hapa Katumba, kule karibu na stesheni, vijana walikuwa wanabishana kama kawaida. Mada ilikuwa hivi: kati ya wasanii wote wa Bongo Fleva wanaotamba, ni nani atakuwa bado anasikilizwa miaka hamsini ijayo? Basi hapo kila mtu na wa kwake. Mmoja anahesabu watazamaji wa YouTube, mwingine anahesabu magari, mwingine tuzo za nje. Pembeni alikuwepo mzee mmoja fundi baiskeli, ametulia zake na kiredio chake. Akaongeza sauti. Zilikuwa zilipendwa, na lilikuwa linalia gitaa ambalo ukilisikia mara moja hulisahau. Mzee akatuuliza kama tunajua aliyekuwa analipiga alifariki lini. Kimya! Mmoja akakisia miaka kumi iliyopita, mwingine akabisha kabisa kwamba jamaa yuko hai na anaishi Dar.

Jamani, yule ni Mbaraka Mwinshehe, na alifariki Januari 1979. Wengi wetu pale hata wazazi wetu walikuwa bado hawajaoana.

Mimi nilinyamaza kwa sababu nyingine. Nina mdogo wangu, ana miaka 20, sauti anayo, gitaa amejifunzia kwenye kwaya ya kanisani. Anataka tuuze magunia ya mahindi ya mwaka huu ili apate nauli na hela ya studio aende Dar akatoke. Nikimuuliza kwa nini asianzie hapa hapa, ananijibu kwamba Katumba hakuna mtu anaweza kutoka kimuziki, hapa ni mwisho wa reli. Sasa leo nasimulia maisha ya Mbaraka kwa ajili yake na kwa ajili ya wote wenye mawazo kama yake. Mkimaliza kusoma mtaniambia kama tuyauze au tusiyauze.

MJI KASORO BAHARI

Jina lake kamili ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, na alizaliwa tarehe 27 Juni 1944. Mji uliomlea kimuziki ni Morogoro. Wanaoujua wanauita mji kasoro bahari, yaani una kila kitu isipokuwa bahari tu. Una milima ya Uluguru, enzi hizo ulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, na una reli ya kati inayopita. Kwenye mkonge na reli kuna watu wa kila kabila, kuna mshahara wa mwisho wa mwezi, na penye mshahara lazima pawe na dansi. Ndo maana mji ule ambao haukuwa mkubwa kihivyo ulikuwa na bendi za kutisha.

Ya kwanza ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Huyu naye ana hadithi yake. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana alizipenda sana santuri za Cuba, akatoroka nyumbani akitaka kwenda huko huko Cuba. Vita vya pili vya dunia vikamkwamisha Mombasa na akarudi Morogoro. Alipoona Cuba haifikiki, akaamua kuileta Cuba Morogoro! Ya pili ilikuwa Morogoro Jazz, bendi iliyokuwepo tangu 1944, mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka. Mashabiki wa bendi hizi mbili walikuwa kama Simba na Yanga, ukiwa huku ujue huendi kule.

Mbaraka alikulia katikati ya ushindani huo. Redioni nako magitaa ya Kongo yalikuwa yanatikisa, na kila kijana aliyeshika gitaa Afrika Mashariki alikuwa anajaribu kuwafuatisha kina Franco na Dr. Nico. Kijana huyu alikuwa sekondari, lakini muziki ukamzidi nguvu na shule akaiacha kabla ya kumaliza. (Wadogo zangu, msije mkakimbilia hapo tu mkaishia hapo! Someni mpaka mwisho.) Kufikia 1965 alikuwa ndani ya Morogoro Jazz.

Mwaka huo huo wa 1965, mwezi wa Novemba, Salum Abdallah akafariki kwa ajali ya gari. Cuban Marimba ikachukuliwa na Juma Kilaza na ikaendelea kufanya vizuri, ila mji ulikuwa umepoteza nyota yake kubwa. Kijana wa miaka 21 kutoka upande wa pili ndo alikuwa anaanza kuchomoza.

KUTOKA MOROGORO MPAKA JAPANI

Hapa nataka muelewe bendi za wakati ule zilivyokuwa zinafanya kazi, maana ni tofauti kabisa na sasa. Msanii wa sasa anaweza kukaa chumbani na kompyuta, akatengeneza mdundo, akaimba, akamaliza, usiku huo huo dunia nzima imesikia. Enzi za Mbaraka bendi ilikuwa jeshi zima la watu: solo, rithim, besi, ngoma, saksafoni na waimbaji. Vyombo vilikuwa mali ya bendi au ya mwenye bendi, mwanamuziki mwenyewe mara nyingi hakuwa na hata waya. Riziki ilitoka mlangoni, yaani kiingilio cha dansi. Bendi ikimaliza Morogoro inapakia vyombo na kwenda mikoani, wiki kwa wiki, mji kwa mji.

Kwa hiyo wimbo kabla haujarekodiwa ulikuwa umeshapigwa mbele ya watu mara nyingi mno. Watu wasipocheza unaurekebisha au unautupa. Mbaraka alipita kwenye tanuru hilo usiku baada ya usiku, na ndani ya miaka michache tu akawa mpiga solo, mwimbaji na mtunzi ambaye watu walilipa kiingilio kumwona yeye. Wakampa jina la Soloist National, mpiga solo wa taifa zima.

Kumbukeni pia mazingira yenyewe. Dar ilikuwa na bendi zenye mgongo mkubwa. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, polisi walikuwa na bendi yao, na baadaye jeshi nalo likawa na zake. Mwanamuziki kwenye bendi kama hizo alikuwa na mshahara kama mfanyakazi mwingine. Morogoro Jazz haikuwa na mgongo huo, mgongo wake ulikuwa ni watu wa mlangoni. Na bado mwaka 1970, Tanzania ilipotakiwa kupeleka muziki wake kwenye maonyesho makubwa ya dunia, yaani Expo 70 kule Osaka, Japani, waliokwea ndege walikuwa Morogoro Jazz na Mbaraka wao.

Maonyesho yale yalikuwa na nchi 77, na kwa miezi sita watu zaidi ya milioni 64 waliingia getini. Hebu piga picha, kijana wa miaka kama 25 aliyeachana na shule, kutoka mji wa mkonge, anapiga gitaa Japani mwaka 1970! Aliporudi safari yenyewe akaifanya wimbo, ukaitwa Expo 70.

Kuna methali inasema jogoo la shamba haliwiki mjini. Mbaraka alikuwa na wimbo unaoitwa Jogoo la Shamba. Mimi kila nikiona jina lile nacheka mwenyewe, kwa sababu jogoo la Morogoro liliwika Dar, likawika Nairobi na Mombasa, likawika mpaka Osaka, na mpaka leo linawika kwenye kiredio cha fundi baiskeli wa Katumba.

ALIIMBA NINI HASA?

Hili ndo swali ambalo mashabiki wengi hawajiulizi. Tunasema fulani mkali, fulani ametisha, lakini anaimba nini?

Mbaraka aliimba mapenzi, tena sana tu. Lakini pembeni ya mapenzi aliimba maisha ya mtu wa kawaida kama vile alikuwa anaishi naye chumba kimoja. Urafiki Mwisho wa Mwezi ni wimbo ambao jina lake peke yake linamaliza kila kitu, kila mtu mwenye kamshahara anawajua marafiki wa namna ile. Pesa Namba Moja ni hivyo hivyo. Mashemeji Wangapi, mtu yeyote aliyewahi kugombania mwanamke ameshaelewa kabla hata gitaa halijaanza. Shida ni mtu aliyeandamwa na matatizo anatoa yaliyo moyoni, bila kujifanya shujaa.

Tena alikuwa kama mwandishi wa habari. Siku ya Krismasi ya 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kule Isimani wakati wa kampeni za vijiji vya ujamaa. Nchi nzima ilishtuka. Mbaraka na Morogoro Jazz wakatoa wimbo wa kumlilia. Fikiria wakati huo hakuna simu ya mkononi, hakuna televisheni huku bara, gazeti linafika kijijini limechelewa. Wimbo redioni ndo ulikuwa unambeba marehemu nyumba kwa nyumba.

Sauti yake yenyewe haikuwa ya kujionyesha. Anaimba taratibu kama mtu anayekusimulia jambo kibarazani, halafu akishamaliza maneno analiachia gitaa liendelee na mazungumzo. Nyimbo zilikuwa ndefu mpaka kwenye santuri ndogo ilibidi zigawanywe, sehemu ya kwanza upande huu, ukiisha unaigeuza unasikiliza sehemu ya pili. Na sehemu ya pili ndo mara nyingi ilikuwa ya gitaa na kucheza. Wazee wanasema ukikosea ukaanza na upande wa pili ni kama umeingia harusini wakati wa kula.

1973: MWAKA WA KUAMUA

Sasa tumefika mahali penyewe.

Mwaka 1973 Mbaraka alikuwa na kila kitu ambacho mwanamuziki wa bara angeweza kukitamani. Bendi yake ndo ilikuwa juu, jina lake ndo lilikuwa linauza tiketi, Japani ameshafika. Angeweza kutulia. Badala yake akaondoka Morogoro Jazz akaunda bendi yake mwenyewe, Orchestra Super Volcano.

Watu wa kijiweni kwetu wangesema amelewa sifa. Mimi naliona hivi. Katika bendi ile alikuwa nyota, lakini nyota wa ndani ya nyumba ya watu. Mtu mwenye nyimbo nyingi kichwani kama yeye alihitaji nyumba yake, apange mwenyewe nani apige nini, mtindo uitwe nini, warekodi lini. Ni hatari, kwa sababu bendi mpya ina midomo ya kulisha na mashabiki wa zamani wanaweza kukususa. Lakini hakukimbilia Dar kutafuta kivuli cha bendi kubwa. Volcano ililipuka, na mtindo wake wa Masika ukanyesha Afrika Mashariki nzima.

Mwaka huo huo wa 1973 kuna kitu kingine kilianza, na hiki kinatuhusu sisi moja kwa moja. Ndo mwaka makazi ya Katumba yalipoanzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Wazee wetu walishushwa hapa pakiwa pori, wakapewa majembe, wakafyeka. Wengi Kiswahili walikikuta huku huku. Nikimuuliza yule fundi baiskeli Kiswahili alijifunzia wapi, ananijibu kwamba shambani na kwenye redio, na kwamba maneno mengine aliyajua kwenye nyimbo za Mbaraka kabla hajajua maana yake. Maana ya neno shida, anasema, hakuhitaji kutafsiriwa.

Kwa hiyo Volcano na Katumba ni rika moja. Volcano haipo. Katumba ipo, na miaka ikaenda mpaka mwaka 2007 serikali ilipofungua mlango wa uraia kwa watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Watu walisubiri miaka zaidi ya 40 kuitwa Watanzania kwenye karatasi. Lakini kwenye masikio walikuwa Watanzania siku nyingi sana, na miongoni mwa waliowafanya hivyo ni jamaa mmoja wa Morogoro ambaye hakuwajua hata kwa jina.

SANTURI NAIROBI, HELA WAPI?

Wadau mtaniuliza, sasa huyu jamaa alikuwa tajiri? Hapa ndo penye funzo chungu.

Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi ilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo hizo zikawa zinapigwa hewani. Jina linakua, mfuko haukui. Santuri za kuuza dukani zilitengenezwa Nairobi, ambako kulikuwa na kampuni za kimataifa zenye studio na mitambo. Kwa hiyo msanii wa Tanzania alivuna umaarufu nyumbani, na biashara ya sauti yake ilifanyika nchi ya jirani. Wanamuziki wengi wa enzi ile walilipwa kidogo, wengine walilipwa mara moja tu, na wimbo ukaendelea kuuzwa miaka na miaka.

Nyimbo za Volcano zilitoka Nairobi na zikaenda kila kona. Kumbukeni mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Magari yalizuiwa, ndege zilizuiwa, Mbaraka hakuzuilika. Wakenya walimpenda kama wa kwao, na Shida ikawa mojawapo ya nyimbo zilizowagusa kuliko zote.

Januari 1979 Mbaraka alikuwa Mombasa. Tarehe 13 akafariki kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34 tu.

Nyumbani nchi ilikuwa kwenye vita na Idi Amin, redio zilikuwa zimejaa habari za mstari wa mbele, halafu katikati ya hayo ikaja habari hiyo. Morogoro mara ya pili! Salum Abdallah ajali ya gari 1965, Mbaraka Mwinshehe ajali ya gari 1979. Miaka kama 13 kati yao, na miaka hiyo hiyo kama 13 ndo kazi yote ya Mbaraka tunayoisikiliza mpaka leo.

Bila yeye Volcano haikuweza kusimama. Lakini mauzo hayakufa naye. Nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa upya Kenya kwenye mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho, kisha zikaingia kwenye kanda, kisha kwenye sidii, na sasa ziko YouTube ambako mtu yeyote anaweza kuzipandisha. Kila teknolojia iliyokuja ilimkuta Mbaraka ameshakufa na ikamfufua.

MBARAKA NA MARIJANI

Najua kuna wadau hapa watanirukia kwamba mkali wa wakati wote ni Marijani Rajabu, Jabali la Muziki. Sibishi sana. Marijani alikuwa mtoto wa Kariakoo, mtoto wa mjini kabisa, akang'ara na Safari Trippers halafu Dar International. Zuwena nani haijui? Lakini Marijani, pamoja na ujini wake wote, alifariki Machi 1995 akiwa katika hali ngumu ya maisha, huku kanda zenye sauti yake zikiuzwa kila kona ya jiji alilozaliwa.

Kwa hiyo angalieni vizuri. Mmoja alikuwa wa mkoani, mmoja wa jijini. Mmoja aliondoka ghafla akiwa juu, mwingine aliishi mpaka akaona muziki wake unamtajirisha mtu mwingine. Wote wawili wanapigwa redioni mpaka leo. Jiji halikumwongezea Marijani maisha marefu ya nyimbo, na mkoa haukumpunguzia Mbaraka. Kilichowabeba wote ni kimoja: nyimbo nyingi, zilizotungwa kwa akili, juu ya mambo ambayo binadamu hataacha kuyapitia. Na kilichowaumiza wengi wa rika lao ni kimoja pia: nyimbo zilikuwa zao, karatasi hazikuwa zao.

Leo tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na tuna COSOTA. Sisemi mambo yamekuwa mepesi, wasanii wanalalamika kila siku. Ila kijana wa sasa ana kitu ambacho Mbaraka hakuwa nacho, anaweza kusajili kazi yake kwa jina lake kabla hajampa mtu yeyote.

SASA DOGO, SIKIA

Narudi kwa mdogo wangu, najua atasoma hii.

Kwanza, hapa siyo mwisho wa reli. Kwanza mwisho wenyewe ni Mpanda mjini, sisi tuko njiani! Pili, reli haina mwisho, ina mahali pa kuanzia. Reli inayopita Katumba inaenda Kaliua, Tabora, Dodoma, halafu inapita Morogoro kabla haijafika Dar. Tabora ilikuwa na Kiko Kids na Tabora Jazz. Morogoro ilikuwa na Mbaraka. Ukiihesabu vizuri, nusu ya muziki wa zamani wa nchi hii uko kwenye reli hiyo kabla hujaiona bahari.

Pili, una nyimbo ngapi? Nimekuuliza ukanijibu tatu. Dogo, Mbaraka alifanya kazi miaka kama 13 na mpaka leo watu wanagundua nyimbo zake ambazo hawajawahi kuzisikia. Ukienda Dar na nyimbo tatu utarekodi moja, hela itaisha, utalala kwa watu. Nakusimulia kitu ninachokijua. Mimi mwenyewe, kabla sijaanza kuandika huku, nilikwenda mjini na hela ya tumbaku ya marehemu baba. Nilirekodi wimbo mmoja, nikasaini karatasi ambayo sikuisoma mpaka mwisho. Wimbo ule sijawahi kuusikia redioni, na nilipotaka kuuweka kwenye intaneti niliambiwa si wangu. Nyumbani sikuwahi kusema, nilisema tu kwamba mambo yalikuwa magumu. Mama bado anaamini niliibiwa kwenye basi. Leo nimesema.

Tatu, piga mbele za watu. Kuna harusi hapa, kuna minada, kuna sherehe za mavuno, kuna kanisa kila baada ya nyumba kumi. Hao ndo kiingilio chako. Kama watu wa Katumba hawachezi, usidhani wa Dar watacheza kwa sababu tu umepanda treni.

Nne, waimbie hawa hawa. Hakuna msanii aliyeimba vya kutosha habari za mzee aliyefyeka pori mwaka 1973, akasubiri karatasi miaka 40, akaipata akiwa haoni vizuri kuisoma. Hakuna aliyeimba bibi zetu wanaochanganya Kirundi na Kiswahili kwenye sentensi moja na kila mtu anaelewa. Hizo nyimbo zipo hapa, Dar hawanazo. Mbaraka hakwenda kuazima maisha ya mtu, alichukua mwisho wa mwezi wa jirani yake akaufanya wimbo.

Mahindi tusiyauze yote. Huo ndo msimamo wangu. Tuuze magunia machache, tununue gitaa zuri, mengine tule. Ukifikisha nyimbo 20 ambazo fundi baiskeli amezisikia na hakuzima redio yake ili apumzike, nauli natoa mimi, tena nakusindikiza mpaka stesheni. Na kabla ya kusaini kitu chochote, unaniletea nikisome mpaka mwisho. Hiyo kazi naiweza sasa.

Wakati namaliza kuandika hii, mpango wa kuuza mahindi bado haujaamuliwa. Mama anataka kusikia na watu wengine. Kwa hiyo wadau, uwanja ni wenu. Wa Mpanda, wa Morogoro, wa Mombasa, na wale mlioko ughaibuni: tuyauze au tusiyauze? Na wale wa Marijani, najua mnakuja, karibuni ila msitukane. Maoni hapo chini.